Kitenzi cha Kiingereza na Mtoto wa Kwanza

Wako watu wetu wa Pwani ambao wakimsikia mtu wa bara akisema "nipeko maji" au "ngojako kidogo" hucheka mpaka wakashika mbavu. Nami husema, nawacheke, kicheko si haramu. Lakini wakishamaliza kucheka wangoje niwaeleze hilo -ko limetoka wapi, kwani ndani yake mna somo ambalo walimu wengi wa Kiingereza, na mimi nilikuwa mmoja wao, hatukufunzwa kuliona.

Nilisomesha Kiingereza miaka kadhaa upande wa Kwanza, kaskazini ya Kitale, katika nchi ya mahindi iliyo chini ya Mlima Elgon. Kwanza hii si ile ya kuhesabu, ni jina la mahali. Watoto wa huko ni mchanganyiko: Wabukusu ambao jamaa zao wametanda mpaka Bungoma, Wasabaoti, Wapokot na wengineo. Kila mwaka kilichowashinda kilikuwa kimoja. Hakikuwa yale maneno marefu yenye asili ya Kilatini, wala hata tahajia, ingawa tahajia ya Kiingereza ni msiba wa peke yake. Kilichowashinda ni vitenzi vifupi kabisa, "look", "take", "put", "give", vinapofuatwa na vijineno na viwakilishi.

Hebu tutazame. "Look at" ni kutazama, "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look into" ni kuchunguza, "look down on" ni kudharau. Kitenzi ni kile kile, hakikubadilika hata herufi, na maana zimetengana kama Lamu na Vanga. Sisi Waswahili kwa kila moja ya maana hizo tuna shina lake mbali, wala haitupitikii kwamba kutunza na kudharau ni ndugu.

Kisha huja balaa la kiwakilishi. Mwingereza husema "take off your shoes", na pia husema "take your shoes off", na zote mbili ni sawa. Lakini viatu hivyo vikishageuka kuwa "them", hiari imekwisha: hapana budi kusema "take them off". Mtoto akaishika kanuni hii kwa mikono miwili, akaenda nayo nyumbani, na kesho yake akaandika "look them after". Akatiwa kalamu nyekundu. Ukimuuliza mwalimu sababu, aghalabu atakwambia, "Hivyo ndivyo Waingereza wasemavyo," na hilo si jibu. Sababu ipo. "Off" katika mfano ule ni kielezi kilichofungamana na kitenzi, nacho hukubali kusogea kumpisha kiwakilishi apite katikati. "After" katika mfano huu ni kihusishi, na kihusishi hakimwachi mtu wake. Kinachotawaliwa lazima kikae mbele yake. Maelezo haya hayachukui hata robo saa ubaoni.

Wala wasidhani watoto wetu ndio wa kwanza kushindwa. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, alikiri kwamba vitenzi vya namna hii ni miongoni mwa mambo yanayowasumbua mno wageni. Jina linalotumika leo, lile la kuviita vitenzi vya kirai, halikuenea ila baada ya kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925. Basi wenyewe walikaa na kitu hiki nyumbani kwa karne nyingi kabla ya kukipa jina la kukiitia.

Sasa msomaji aliyepita chuoni akaisoma Ajurrumiyya mbele ya maalim wake atakuwa ameshaanza kutabasamu. Tangu kurasa za mwanzo alihesabishwa herufi za jarri: min, ila, an, ala, fi na wenzake. Akajifunza kwamba "raghiba fi" ni kukitamani kitu, na "raghiba an" ni kukipa mgongo. Akajifunza kwamba "da'a lahu" ni kumwombea mtu, na "da'a alayhi" ni kumwapiza. Ole wake aliyekosea herufi moja katika dua! Na kiwakilishi huko hugandishwa kwenye ile herufi yenyewe, hakipewi ruhusa ya kutangatanga. Mtoto wa Mombasa au Malindi aliyesoma nahau ya Kiarabu tayari ameshakutana na nusu ya jambo hili. Ajabu ni kwamba sijaona kitabu cha Kiingereza cha skuli zetu kinachomkumbusha hivyo.

Na Kiswahili je? Sisi kile kijineno hatukukiacha nje, tumekitia tumboni mwa kitenzi. Amehama Mombasa, amehamia Kitale: sauti moja tu imetenganisha kutoka na kwenda. Alimkimbia simba, alimkimbilia babake. Samaki ananuka, udi unanukia. Jaribu kumwambia bi harusi wa Kiamu kwamba ananuka uone. Neno moja "nimekuletea" lina mletaji, lina wakati, lina mletewa, lina kuleta kwenyewe, na ile -e- nyembamba iliyo karibu na mwisho ndiyo "for" ya Mwingereza. Yeye amezitandaza bidhaa zake mkekani, sisi tumezifunga katika furushi, lakini bidhaa ni zile zile.

Hapa ndipo ninaporudi kwa yule anayechekwa. Lubukusu ni ndugu wa Kiswahili, nalo lafanya kama sisi: "khuteekha" ni kupika, "khuteekhela" ni kupikia. Isitoshe, lina vijineno vya mahali vinavyonata nyuma ya kitenzi, -mo ya ndani na -kho ya juu. Hiyo -kho imepewa na kazi nyingine, ya kulainisha ombi lisiwe amri. Basi anayesema "nipeko" anakuombeni kwa adabu ya mamake, na nyinyi mwamcheka. Wasabaoti nao, kama jamaa zao wengine wa Kikalenjin, huweka mwishoni mwa kitenzi alama ya kuonyesha kama tendo laja kwa msemaji au laenda mbali naye. Kwa hivyo mtoto wa Kwanza, awe Mbukusu au Msabaoti, anapoingia darasani tayari anajua kwamba kitenzi chaweza kuwa na mkia, na kwamba mkia hugeuza maana. Anajua kuliko mwalimu anavyodhani.

Tunamfanyia nini? Twamwambia aisahau lugha ya kwao mlangoni. Katika skuli nyingi za Kenya, kwa miaka na miaka, aliyeteleza akanena lugha ya nyumbani alivishwa kisahani shingoni. Kisha hupewa orodha ya vitenzi mia, maana upande wa kulia, aihifadhi mpaka mtihani wa kidato cha nne. Huhifadhi, na hutapika, na baada ya mtihani hakubaki kitu.

Matokeo yake yamo katika Kiingereza chetu sote, si cha Kwanza tu. Mtu husimama kituoni akapiga simu, "Come and pick me." Ile "up" imekwenda wapi? Imeachwa kwa sababu "nichukue" ya Kiswahili imejitosheleza, haina haja ya mkia. Na mwingine, akihofia kupunjwa, huongeza pasipohitajiwa: "cope up with", "discuss about". Huyu amefunzwa kwamba Kiingereza kina vijineno vingi, hakufunzwa vyafanya kazi gani, basi huvinyunyiza kama chumvi.

Wako wenzangu walimu wanaopinga. Husema kwamba kuchanganya lugha darasani kutamvuruga mtoto, na kwamba Kiingereza hufunzwa kwa Kiingereza kama kuogelea kufunzwavyo majini. Hoja hii ina nguvu pale ambapo mtoto anasikia Kiingereza asubuhi na jioni. Lakini mtoto wa shamba la mahindi hasikii Kiingereza ila kwa mwalimu wake, na mwalimu mwenyewe saa nyingine analo la kubahatisha. Huyo hayumo majini, yuko ufukweni anaelezwa habari za bahari. Sera ya elimu yenyewe yakubali lugha ya nyumbani katika madarasa ya chini, mpaka la tatu. Mimi naomba isiishie hapo. Katika somo la sarufi iruhusiwe hata katika madarasa ya juu, kwa dakika kumi tu, iwe mizani ya kupimia.

Na tukiwa tungali twacheka, tujisikilize na sisi. Redioni siku hizi serikali "imekuja na mpango mpya", kana kwamba umebebwa kikapuni. Mkutano "umechukua nafasi", na ukiuliza nafasi ya nani hujibiwi. Vyote viwili ni vitenzi vya Kiingereza vilivyovishwa kanzu. Aliyesema "nipeko" ametia Kiswahili kitu cha Kibantu kinachomwelea. Msomi wa studioni ametia asichokielewa, na huyo hatumcheki.

Mwalimu yeyote aliyeko Kwanza, au Bungoma, au hata Kisauni, aweza kuanza Jumatatu bila kungoja kitabu kipya. Aandike ubaoni "hama" na "hamia", "kimbia" na "kimbilia", "tupa" na "tupia". Awaulize watoto kila jozi yasemwaje kwao nyumbani, kwa Lubukusu na kwa Kisabaoti. Halafu ndipo achore mstari, na upande wa pili aandike "throw away" na "throw to".