PEUGEOT KUUKUU: ZIFUFULIWE AU ZIUZWE KWA KILO?

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini wahenga hao hao wakasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mpenzi msomaji, methali hizi mbili hugombana kila siku hapa kwetu Kitale, na ugomvi wenyewe ni juu ya Peugeot.

Wanafunzi wengi wa rika langu tumeiona Peugeot 504 ikiwa imelala tu nyuma ya boma la mtu, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva na nyasi zimechungulia dirishani. Siku moja huja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, na habari imeishia hapo. Lakini hebu waulize wazazi na walimu waliokuwa vijana miaka ya 1970 na 1980. Watakuambia hapakuwa na gari kama "Pijo". Ile ndefu, yenye safu tatu za viti, ndiyo iliyokuwa teksi ya safari za mbali huku magharibi. Ukitaka kufika Nairobi mapema, zaidi ya kilomita 350 kutoka hapa, uliwahi kiti ndani ya Peugeot ukaliacha basi likijikokota na mizigo yake.

Wazee hawatudanganyi. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka wa 1953, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimegeuza barabara kuwa uji. Humo ndani ya matope Peugeot 404 ilishinda mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake, 504, ikashinda mwaka wa 1975 na 1978. Mwaka wa 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho! Kwa hiyo kasi ya magari haya haikuwa kasi ya lami pekee. Yalikuwa na springi laini zilizomeza mashimo, na injini isiyo na makuu.

Sasa swali ni hili: je, inafaa kuyafufua?

Wanaopinga wana hoja. Spea ni adimu. Injini za zamani hunywa petroli na kutoa moshi. Fedha za kufufua gari moja zaweza kununua pikipiki ya bodaboda inayoleta chakula mezani jioni hiyo hiyo. Hoja hizi ni nzito, nami sisemi kila mkebe uokolewe. Tena 504 haina fremu ya pekee chini yake. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Kama kutu imekula sakafu na kingo za milango, huyo ni maiti. Mtoe spea umwache apumzike.

Lakini ile ambayo bodi yake ni nzima, jamani, kuiuza kwa kilo ni kuuza shule. Naam, shule! Fungua boneti ya gari la siku hizi, utakuta kifuniko cha plastiki na nyaya zinazotaka kompyuta. Fungua ya 504 ya petroli, utaona kabureta, plagi, feni na mkanda wake. Kila kitu kinaonekana kwa macho na kufunguka kwa spana. Mwanafunzi anayesoma fizikia ataona pale jinsi mafuta yanavyochanganyika na hewa, na jinsi cheche inavyogeuka kuwa mwendo. Mafundi wetu wengi wa jua kali walijifunzia kazi kwenye injini za namna hii. Wao nao wanazeeka, na fundi akiondoka na ujuzi wake hakuna duka la spea litakalokuuzia ujuzi huo.

Na asiseme mtu kwamba gari lililotumika halina jipya. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho ambaye alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, alishinda Safari ya 1965 akiwa na Volvo PV544 ya mtumba. Alilitengeneza, akaliamini, akawaacha nyuma waliokuja na magari mapya ya makampuni. Na tangu mwaka wa 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari Classic, ambayo ni ya magari ya zamani tu. Kumbe chuma kikitunzwa hakizeeki haraka!

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wapenzi wa Peugeot hawapendi kulitaja. Sifa ya teksi zile ilikuwa kasi, na kasi ile iliua watu. Abiria walibanana kama dagaa, bila mikanda, dereva akikimbizana na saa. Ndiyo maana kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kwenye magari ya abiria. Anayetamani siku zile azitamani zote, pamoja na matanga yake. Kwa hiyo nasema: tufufue gari, tusifufue mwendo. Anayeanza kutengeneza aanze na breki, usukani na mikanda. Rangi ya kung'aa ije mwisho.

Pendekezo langu ni dogo. Hapa Kitale tunayo Polytechnic ya Kitaifa, yenye vijana wanaohitaji injini ya kushika kwa mikono. Tunalo pia Jumba la Makumbusho, linalotunza vifaa vya mababu zetu. Wenye Peugeot nzima wakiwapa vijana gari moja tu, walimu na mafundi wazee wakaliongoza zoezi hilo, tutapata gari pamoja na mafundi. Likikamilika, liegeshwe pale makumbusho. Kama mkuki na kibuyu vinastahili kutunzwa, gari lililowapeleka wazazi wetu mjini linakosaje?

Basi, msomaji mwenzangu, ukienda nyumbani likizo hii na kuikuta ile 504 nyuma ya boma, wafukuze kuku kwanza. Ingia chini, gonga sakafu kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe zima, mwambie mzee asiharakishe kumwita mwenye mizani.