Nyumba Njema si Mlango: Waraka wa Wazi kwa Idara ya Mambo ya Kale

Rusimbi, Kigoma Ujiji

Kwa: Mkurugenzi, Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii
Nakala: Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji

Yah: NYUMBA ZA UDONGO ZA UJIJI

Ndugu Mkurugenzi,



Mgeni akifika Ujiji hupelekwa kwenye mwembe. Huambiwa kwamba hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone, tarehe 10 Novemba 1871 kwa hesabu ya Stanley mwenyewe. Hupiga picha, hushukuru, huondoka. Nimewapeleka wageni wengi pale, hata siku moja mjukuu wangu akaniuliza: “Bibi, kwani hao wazee walikuwa wanalala juu ya mti?”

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mtoto alikuwa ameuliza jambo ambalo mimi, mtu mzima, sikuwahi kuliuliza.

Hawakulala juu ya mti. Stanley ameeleza kwamba baada ya kuamkiana walikwenda kuketi kwenye baraza ya udongo ya nyumba ya Livingstone, chini ya upenu mpana, juu ya mkeka na ngozi ya mbuzi, na watu wa Ujiji wakajaa mbele yao kutazama. Salamu ilikuwa ya dakika moja. Mazungumzo yote yaliyofuata yalikuwa ya barazani. Mwembe tumeujengea mnara na makumbusho. Nyumba iliyowapokea haipo.

Wala haikuwa nyumba ya kwanza kutoweka hapa. Februari 1858, Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji, walifikia kwenye tembe la udongo pale Kawele, lililojengwa na mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Hamid bin Salim. Tembe hilo lilikuwa limekwisha kuchakaa, na ikabidi watengeneze paa. Maana yake ni kwamba wakati Wazungu wa kwanza wanaliona ziwa letu, Ujiji ulikuwa tayari na magofu yake.

Ndugu Mkurugenzi, hapo ndipo ninapoigusa sheria yako. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulihesabu jengo kuwa la kale likiwa limejengwa kabla ya mwaka 1863. La baadaye husubiri tangazo la Waziri. Tembe la Hamid bin Salim lingefuzu, lakini halipo. Nyumba za Kitongoni, Kasingirima na Rubuga zipo, lakini nani ataonyesha mwaka zilipojengwa? Nyumba ya udongo haina cheti cha kuzaliwa. Nguzo ilikatwa mwaka huu, kiambaza kikakandikwa upya mwaka ule, nyasi zikabadilishwa mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kukumbuka. Ukiiuliza umri, itakuuliza: umri wa kipande kipi?

Sheria hiyohiyo inalinda mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1940. Ni jambo jema. Lakini wahenga walituonya kwamba nyumba njema si mlango. Mlango unaweza kung’olewa ukalindwa, nyumba ikaachwa iporomoke.

Najua jibu moja ninaloweza kupewa: udongo haudumu. Basi naomba twende Uingereza kidogo. Kijijini Shottery, karibu na Stratford, kuna nyumba ya wakulima yenye vyumba 12 ambamo alikulia Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, yule mwandishi ambaye Mwalimu Nyerere alitutafsiria tamthilia yake, Mabepari wa Venisi. Sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 15. Mwaka 1892 ilinunuliwa na taasisi inayotunza kumbukumbu za Shakespeare, na mwaka 1969 iliungua kwa sehemu ikatengenezwa. Watu hutoka kila pembe ya dunia kuitazama.

Imejengwa kwa nini? Nguzo na boriti za mbao, na katikati yake fito zilizosukwa na kukandikwa udongo. Juu imeezekwa nyasi. Babu yangu, fundi wa kukandika aliyevuka ziwa kutoka upande wa Kongo, angezipapasa kuta zake akajua la kufanya.

Na nyasi zile si za karne ya 15. Paa la nyasi Uingereza, la mabua ya ngano au la matete, huezekwa upya kila baada ya miongo michache, na mgongo wake hutengenezwa mapema zaidi. Fundi huondoa tabaka lililooza, lililo zima hulifunika kwa jipya. Katika nyumba nyingine tabaka la chini kabisa lingali jeusi kwa moshi wa meko ya kale. Hakuna anayesema nyumba si ya kale kwa kuwa nyasi zake ni za juzi. Huko nyumba ya aina hiyo huandikwa katika orodha ya taifa watu wakiwa bado wanaishi ndani, na mwenyewe haruhusiwi kuibomoa wala kuibadili sura bila kibali.

Kwetu nako hatukosi mfano. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa hapa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924. Baadaye ikatolewa injini ya mvuke, ikatiwa ya dizeli. Umewahi kumsikia mtu wa Kigoma akisema hii si Liemba?

Kwa hiyo kinachodumu katika nyumba ya udongo ni namna ya kuijenga na mkono unaoijua. Upenu ulikuwa mpana ili maji ya mvua yaangukie mbali na ukuta. Baraza ilijengwa nene chini ya ukuta ili matone yanayoruka yapige baraza, kiambaza kibaki kikavu. Baraza ikilika, hukandikwa upya kwa kazi ya asubuhi moja. Ndani, ukumbi ulipita katikati, vyumba huku na huku, hadi uani kwenye jiko, upepo ukaingia mbele na kutokea nyuma. Baraza ambayo tunaisifu kwa bao na kahawa ilikuwa kwanza kinga ya nyumba, kisha ndiyo ikawa ya wazee.

Haya nayasema kwa kujuta. Nyumba yangu hapa Rusimbi niliiondoa nyasi nikaweka mabati, na ili kupunguza gharama nikafupisha upenu. Masika ya kwanza ukuta ukalowa. Nikamwita fundi, akaupiga plasta ya saruji. Saruji ikayafungia maji ndani. Udongo ukawa tope nyuma yake, na siku moja pande zima la ukuta likadondoka. Majirani wakasema, “Unaona? Udongo huo.” Udongo haukuwa na kosa. Kosa ni langu, niliyeunyang’anya mwavuli kisha nikauvisha koti la mvua mwili ukiwa umelowa.

Kwa hiyo siombi watu wakatazwe mabati. Anayeishi chini ya nyasi zinazovuja ana haki ya kulala pakavu. Naomba mambo matatu.

Kwanza, tuma vijana waliosomea kazi hii wapite kata kwa kata, wazipime na kuzipiga picha nyumba za udongo zilizobaki, na wawaulize wazee nani alijenga, kwa mti gani, kwa udongo wa wapi. Tangu mwaka 2006 Ujiji umo katika orodha ya awali ya UNESCO, kama sehemu ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Njia hiyo ilipita barazani kwa watu.

Pili, mshauri Waziri atumie uwezo anaopewa na sheria, hata nyumba chache zitangazwe bila kusumbuliwa na mwaka 1863, na wenyewe wasaidiwe gharama za kuzitunza. Pale Kwihara, Tabora, tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 ni makumbusho. Kumbe udongo hutunzika.

Tatu, katika uwanja wa mwembe ijengwe nyumba moja ya fito na udongo, yenye upenu mpana na baraza. Wazee wanaojua wakandike, vijana wakanyage udongo na kujifunza, na kila mwaka kabla ya masika wairudie.

Ukiniuliza kama nyumba hiyo itakuwa ya kweli au ya kuigiza, nitakuuliza habari za mwembe. Ule wa mwaka 1871 ulikwisha kufa. Iliyopo leo husemwa ni vizazi vyake, na bado tunawaleta wageni chini yake, tukiwaambia, “Ni hapa.” Kama mti umeruhusiwa kuzaliwa upya, nyumba nayo iruhusiwe, ili nimwonyeshe mjukuu wangu mahali wale wazee walipolala.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Bibi wa Rusimbi