Kontroli boksi haipimwi kwa ramli

"Kontroli boksi imekufa." Hukumu hii inatolewa kila siku katika gereji zetu za Arusha, kuanzia Unga Limited mpaka Tengeru na Usa River, na mara nyingi anayeitoa hajapima hata waya mmoja. Gari limegoma kuwaka, au linazima katikati ya mlima, au linamisi huku likitafuna mafuta. Fundi anafungua boneti, anasikiliza starta ikizunguka, anatikisa kichwa, kisha anamtuma mwenye gari akatafute kontroli boksi ya mtumba mjini. Nasema waziwazi: huo si ufundi. Hiyo ni ramli, na anayepigiwa ramli ndiye anayelipa.

Na analipa nani? Analipa mwenye Noah ya abiria wa barabara ya Moshi. Analipa mwenye Canter ya kubeba ndizi na mboga za siku ya soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi. Analipa mwalimu aliyekopa ili anunue IST. Hawa gari kwao si pambo la uani. Gari likilala gereji, mkopo haulali, ada za watoto hazilali. Mtu wa namna hii kumwambia "tujaribu boksi nyingine tuone" ni kumchezea maisha.

Tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Kontroli boksi ni kompyuta inayosoma sensa: ya krenki, ya kamshafti, ya joto la maji, ya hewa inayoingia na ya moshi unaotoka. Kwa taarifa hizo inaamua nozeli ifunguke kwa sehemu ngapi za elfu za sekunde, na plagi ipige cheche wakati gani. Lakini haijitegemei. Inataka umeme wa uhakika kutoka kwenye betri, fyuzi na rilei nzima, na ethi iliyoshika sawasawa kwenye bodi na kwenye injini. Yenyewe nayo inazilisha sensa kadhaa umeme wa volti 5. Kimoja kikikatika hapo, boksi nzima kabisa itaonekana maiti.

Na hapo ndipo watu wanapoibiwa, kwa kujua au kwa kutojua. Sensa moja ikipiga shoti kwenye laini ya volti 5, laini yote inaanguka. Katika Toyota nyingi, ukifungua swichi taa ya injini haiwaki, na mashine ya kupimia haipati jibu lolote. Mpiga ramli akiona hivyo anatangaza msiba. Fundi wa kweli anachomoa soketi za sensa moja baada ya nyingine huku akitazama mita. Akiifikia ile mbovu, volti 5 zinarudi, taa inawaka, kompyuta inaanza kujibu. Kati ya mafundi hao wawili kuna muda mfupi wa subira na mita ya bei ndogo. Kwa mwenye gari kuna laki kadhaa.

Wapo walionunua vimashine vya kusomea kodi za hitilafu wakadhani wameshatoka gizani. Hawajatoka. Kodi P0335 haisemi badilisha sensa ya krenki. Inasema saketi ya sensa hiyo ina tatizo, na tatizo linaweza kuwa sensa, waya uliotafunwa na panya, soketi iliyoingia maji, au boksi yenyewe. Hata P0606, inayoinyooshea kidole kontroli boksi, haimruhusu fundi kuruka kipimo cha umeme na ethi. Mashine inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Anayeisoma kisha akaandika orodha ya spea hapohapo bado anabahatisha, ila sasa anabahatisha kwa kioo chenye mwanga.

Sikatai kwamba boksi zinakufa. Zinakufa, na mara nyingi zinauawa. Koili au nozeli iliyopiga shoti inaunguza transista inayoiendesha. Mtu anabusti betri akigeuza nyaya, chanya kwenye hasi. Mwingine anachomelea bodi bila kuchomoa betri. Injini inaoshwa kwa maji ya presha mpaka ndani ya soketi. Basi fundi asiyemtafuta muuaji anafanya nini anapofunga boksi ya pili? Anaipeleka ikaungue palepale ilipoungua ya kwanza. Baada ya hapo utaambiwa "ulinunua mbovu", na muuzaji atakujibu kwamba spea za umeme hazirudishwi.

Kisha kuna uzembe wa kuoanisha. Kwenye Toyota, namba ya kontroli boksi huanza na 89661, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazobainisha boksi ni ya gari gani. Injini ya 1NZ imefungwa kwenye magari ya aina nyingi, na hilo halizifanyi boksi zake zote kuwa moja. Gari lenye mfumo wa kuzuia wizi linaitambua funguo yake kwa alama ya siri. Boksi iliyotoka kwenye gari jingine haiijui funguo yako. Isipooanishwa, injini itagoma au itawaka sekunde chache na kuzima. Mwenye gari atasimama pale na boksi mbili na gari lisilotembea.

Tazameni wenzetu wanavyofanya boksi zinapokuwa mbovu kweli. Agosti 2010, Toyota iliyaita magari yapata milioni 1.13 ya Corolla na Matrix ya miaka ya 2005 hadi 2008 huko Marekani na Kanada, kwa sababu kontroli boksi zake zingeweza kupata nyufa kwenye viungo vya risasi na kulizima gari barabarani. Hitilafu ilitajwa hadharani, miaka ikatajwa, matengenezo yakawa bure. Gari letu la mtumba linafika likiwa limeshapita mikono mingi, na hakuna wa kuliita. Kinga tuliyobaki nayo ni kipimo cha fundi wetu. Hicho nacho kikiwa cha kubahatisha, tumebaki uchi.

Najua jibu la wengine: turudi kwenye magari yasiyo na kompyuta. Kampuni za utalii za Arusha zimeipenda miaka mingi Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 ambayo pampu yake haisubiri amri ya boksi yoyote. Ikiharibikia porini, spana inatosha. Ni chaguo la busara kwa safari za Serengeti. Kwa nchi ni kukimbia vita. Magari yanayoshushwa bandarini leo yana kompyuta, na ya kesho yatakuwa nazo nyingi zaidi. Hatuwezi kuwa watu wa kununua kompyuta zenye magurudumu na kuzitengeneza kwa kukisia.

Wala tusiseme elimu iko mbali. Tengeru hapa kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, inayotoa shahada ya uzamili katika mifumo ya kompyuta zinazopachikwa ndani ya vifaa na mashine. Kontroli boksi ni kompyuta ya aina hiyohiyo! Mjini kuna Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Kwa nini basi spana boi wa chini ya mwembe abaki kujifunza kwa kubomoa magari ya watu? Nadai vyuo hivi vishuke gereji: kozi fupi za jioni, kwa Kiswahili, kwa mita na michoro ya nyaya, juu ya magari haya haya tunayoyaendesha. Na cheti cha VETA cha fundi umeme wa magari kiwe na jaribio moja lisilokwepeka: mpe gari lenye sensa iliyopiga shoti, atakayesema "badilisha boksi" arudi darasani.

Serikali nayo isijifiche. Afrika Kusini, kuanzia Julai 2021, ina miongozo ya tume yake ya ushindani inayowafungulia mafundi wa kujitegemea njia ya kupata taarifa za kiufundi za watengenezaji. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na tuna tume ya kuisimamia. Tume hiyo itamke kwamba kumuuzia mtu kontroli boksi bila kipimo ni kumpotosha, na iwadai watengenezaji michoro kwa niaba ya mafundi wetu.

Nawe mwenye gari, acha kumharakisha fundi kwa "badilisha tu niondoke". Kabla hujatoa hela, dai vitu vinne kwenye karatasi: volti zinazoingia kwenye boksi, hali ya ethi, hali ya laini ya volti 5, na sababu iliyoiua boksi ya zamani. Dai namba ya boksi mpya ilinganishwe na ya zamani mbele ya macho yako, na ile ya zamani uondoke nayo. Mlipe vizuri fundi anayepima, hata kama mwisho wa kazi amebadilisha fyuzi tu, maana amekuuzia ukweli. Asiyekuonyesha vipimo hivyo, chukua funguo yako, vuta gari lako, na umwambie kila dereva wa kijiwe chako kwa nini umeondoka.