Laini Moja ya Simu, Kompyuta Mbili

Nyumba nyingi zilizonunua kompyuta ya pili zilikuta kwamba ugomvi haukwisha, ulihama tu. Kwanza watu waligombania kiti. Kisha wakagombania laini ya simu. Wasomaji wametuuliza iwapo modemu moja yaweza kuhudumia kompyuta mbili kwa wakati mmoja. Yaweza, na kwa wenye Windows XP hakuna programu ya kununua. Panahitajika kadi ya mtandao katika kila kompyuta na waya wa kuziunganisha, ule ambao nyuzi zake zimepishanishwa upande mmoja. Muuzaji aelezwe mapema.

Kompyuta yenye modemu ndiyo inayokuwa kuu. Hiyo hupiga simu, na ya pili hupitia kwake. Ikizimwa, nyumba nzima imekosa intaneti. Ndiyo maana twashauri ikae ukumbini, si chumbani kwa vijana.

Ufundi huo si mgumu. Jambo linalotaka mashauriano ya familia ni visanduku vitatu vya kutiwa alama, vilivyomo katika ukurasa wa kushirikisha muunganisho. Cha kwanza huruhusu kompyuta ya pili kutumia laini. Bila hicho hapana kitu. Cha pili huamuru simu ipigwe kila mara kompyuta ya pili inapotafuta intaneti. Wengi hukipenda kwa wepesi wake, na hapo ndipo ankara huvimba. Kompyuta haitafuti intaneti kwa amri ya binadamu pekee: programu ya barua pepe huchungulia sanduku kila baada ya dakika chache, na ile ya kuzuia virusi hujitafutia marekebisho. Yoyote kati ya hizo yaweza kuiamsha modemu, hata saa nane za usiku, na dakika zinahesabiwa. Sisi tungekiacha bila alama.

Cha tatu humwezesha aliye kwenye kompyuta ya pili kupiga na kukata simu akiwa hapohapo. Baba anayelipa ankara angependa ufunguo huu abaki nao peke yake. Lakini akiwa kazini, mkewe au binti mwenye kazi ya shule hulazimika kwenda ukumbini kupiga, na akisahau kurudi kukata, hasara ni ileile. Twaona wote wapewe, kwa sharti kwamba hakati mtu bila kupiga hodi. Modemu ya kilobiti 56 haileti zaidi ya kilobaiti 7 kwa sekunde, na aghalabu huleta pungufu. Faili la megabaiti 5 huchukua dakika 12 au zaidi. Wawili wakipakua pamoja, muda huongezeka maradufu. Laini ikikatwa dakika ya kumi na moja, mara nyingi mwenye faili ataanza upya, na dakika zile zimekwisha kulipiwa.

Ipo pia sehemu ya kuamuru simu ijikate isipotumika. Dakika 5 zatosha. Ila barua pepe inayochungulia kila dakika 3 itaizuia isijikate, basi nayo iamriwe kungoja mpaka iombwe.

Na modemu ikiwa kazini, awapigiaye atakuta laini ina shughuli. Kila familia yazijua saa ambazo jamaa wa mbali hupiga. Saa hizo laini iachwe wazi. Kuhusu kompyuta ya tatu, ambayo huhitaji kisanduku cha kugawia nyaya, tutaeleza juma lijalo, inshaallah.