Askari wa Mtaa wa Samora Apewe Wenzake

Septemba 2004, wapita njia kwenye bandari ya Hamburg, Ujerumani, walikuta Mjerumani wa shaba amesimamishwa kando ya maji. Alikuwa Hermann von Wissmann. Wakazi wengi wa Dar es Salaam leo hawamjui, ilhali sanamu ile ilitengenezwa kwa ajili ya mji wao.

Wissmann ndiye aliyeletwa pwani mwaka 1889 kuzima vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, akiwa na askari wa kukodiwa kutoka Sudan na Msumbiji. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Miaka 20 baadaye, 1909, Wissmann akasimamishwa Dar es Salaam kwa shaba, na miguuni pake akawekwa askari Mwafrika mwenye bendera ya Ujerumani, pamoja na simba aliyeuawa. Waingereza, waliouteka mji mwaka 1916, waliing'oa sanamu hiyo, wakaichukua kama nyara. Baadaye ikapelekwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikapewa nafasi katika Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wakaiangusha 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Baada ya hapo ikafichwa ghalani.

Msanii Jokinen ndiye aliyeitoa huko. Hakuitakasa, wala hakutaka iyeyushwe. Aliisimamisha kwa miezi 14 tu, katika bandari ambayo meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie zilianzia safari za kuja Afrika Mashariki, kisha akafungua mjadala kwenye intaneti na kuwaita watu wapige kura kuhusu hatima yake. Muda huo mfupi ndio uliokuwa nguvu ya kazi yenyewe. Kwa kuwa ilijulikana mapema kwamba sanamu itaondoka, mtu aliweza kusema la moyoni bila kuhofia kwamba neno lake ndilo la mwisho.

London nayo ina mfano unaowagusa Waafrika zaidi. Katika uwanja wa Trafalgar kuna jukwaa la mawe lililojengwa mwaka 1841 kwa ajili ya sanamu ya mfalme William IV. Fedha zikapungua, likabaki tupu zaidi ya miaka 150. Tangu 1999 linapokea kazi za wasanii, kila moja kwa muda wake. Kuanzia 2022 hadi 2024 alisimama hapo mchungaji John Chilembwe wa Malawi, kazi ya Samson Kambalu, mzaliwa wa nchi hiyohiyo. Chilembwe amevaa kofia, wakati ambapo Mwafrika hakuruhusiwa kuvaa kofia mbele ya mzungu, na kimo chake kinampita kwa mbali mmisionari Mwingereza aliye kando yake. Mwaka 1915 aliongoza uasi dhidi ya ukoloni, akauawa. Kwa miaka miwili alisimama uwanja mmoja na majenerali wa dola ile ile iliyomuua.

Dar es Salaam ina sanamu inayostahili kuulizwa maswali kwa namna hiyo. Waingereza waliizindua mwaka 1927 pale Mtaa wa Samora, kuwakumbuka Waafrika waliotumika upande wao katika Vita vya Kwanza vya Dunia: askari wa shaba, singe imeelekezwa bandarini, na chini yake maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Ni kazi nzuri, na askari yule anastahili heshima. Lakini aliye juu ni mmoja tu, naye ana bunduki. Vita vile vilibebwa na wapagazi, waliotembea miezi na mizigo ya kilo 25 hivi kichwani, wakafa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, malaria na kuhara damu. Nairobi angalau ilimsimamisha mpagazi sambamba na wapiganaji. Vilevile wapo askari Waafrika waliopigana upande wa Wajerumani, na wanavijiji walioporwa chakula na majeshi yote mawili.

Kuing'oa sanamu hakutawaleta hao. Kuiacha ilivyo pia hakutawaleta. Apewe wenzake kwa msimu mmoja wa kiangazi: wapagazi wenye kimo cha mtu, waliosukwa kwa ukili na mianzi, wakiizunguka sanamu kutoka upande wa bandari. Mafundi wapo. Wasukaji wa mikeka wapo, na wasanii wa Nafasi Art Space kule Mikocheni wana uzoefu wa kazi kubwa. Shaba haitaguswa hata kwa msumari, na gharama haitafika popote karibu na ya sanamu mpya ya kudumu. Jambo moja lisikubaliwe kabisa: eneo hilo lisigeuzwe ubao wa matangazo ya mfadhili.

Mwaka 2027 sanamu inatimiza miaka 100. Halmashauri ya Jiji inaweza kutangaza shindano mapema na kuwaweka wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye jopo la waamuzi, pamoja na wazee wenye masimulizi ya babu zao waliochukuliwa kubeba mizigo. Masimulizi hayo yarekodiwe palepale barabarani, na msimu ukiisha yahifadhiwe Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako mwanafunzi yeyote ataweza kwenda kuyasikiliza.