Kuona Usiku Wakati wa Mchana

Juma hili twataka kusema habari za jumba la nyota, ambalo kwa lugha za Ulaya huitwa planetariamu. Mtu wa Baraka aweza kutucheka na kusema: “Jumba la nyota la nini? Nyota si zipo juu ya ziwa kila usiku, tena bure?” Swali hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu taratibu.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Jumba la nyota ni chumba chenye dari la mviringo, mfano wa bakuli lililofunikwa. Watu huketi, taa huzimwa, na mashine iliyo katikati hutupa nuru darini, hata nyota, mwezi na sayari zikaonekana kila moja mahali pake. Mashine ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa na kiwanda cha Carl Zeiss katika mji wa Jena, Ujerumani, kwa uongozi wa mhandisi Walther Bauersfeld, ikaonyeshwa watu mwaka 1923. Faida yake kubwa ni kwamba huharakisha wakati. Mwaka mzima hupita kwa dakika chache, na mtoto huona kwa macho yake jinsi jua linavyohama kaskazini na kusini, na jinsi mwezi unavyokua na kupungua.

Je, sisi wa Fizi na Baraka twahitaji kitu hicho? Twaona sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni hii. Wavuvi wetu waujua mwezi kuliko walimu wengi. Usiku wa giza huingia ziwani na taa zao, na dagaa huifuata nuru; mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina nguvu, basi hukaa pwani kutengeneza nyavu. Wajua pia kwamba mwezi huchelewa kuchomoza kila siku, yapata dakika 50. Lakini mwulize mtoto wa mvuvi kwa nini huchelewa. Sababu yenyewe si ngumu: dunia ikiisha kujizungusha mara moja, mwezi nao umekwisha kusonga mbele katika njia yake, hata dunia hulazimika kuzunguka zaidi kidogo ndipo iufikie. Ni vigumu kulieleza jambo hili kwa maneno matupu na chaki. Chini ya dari la nyota, mtoto hulielewa mara moja, na elimu ya baba yake hukutana na elimu ya shule.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Tangu vita vya mwaka 1996, usiku katika nchi yetu umekuwa mara nyingi saa ya hofu. Mzazi mwenye busara hamwachi mwanawe akae uwanjani saa tatu usiku akihesabu nyota. Basi fikirini hasara hii. Baraka iko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta. Kwa hiyo twaweza kuona Msalaba wa Kusini, ambao mtu wa Brussels hauoni kwake kamwe, na pia Dubu Kubwa wa kaskazini. Tumepewa karibu mbingu yote, na watoto wetu hawathubutu kutoka nje kuitazama. Ndani ya jumba la nyota usiku huja saa nne asubuhi, na mwalimu amesimama mlangoni.

Lakini wako watakaosema: shule hazina madawati, kipindupindu hakituachi, nanyi mwataka nyota! Ni kweli, madawati na maji safi yatangulie. Walakini kumbukeni kwamba mtoto aliyezoea kuuliza sababu ya mwezi kuchelewa, ndiye atakayeuliza sababu ya kipindupindu, wala hataridhika akiambiwa kwamba jirani ni mchawi. Akili ni moja, na huzoezwa kwa maswali.

Tena hatuombi jumba la fahari. Mkoa wetu unacho kituo cha elimu cha Lwiro, kaskazini ya Bukavu, kilichojengwa na taasisi ya IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947, nacho siku hizi huitwa CRSN. Ni kazi ya heshima, lakini ni nyumba ya watafiti. Sisi twataka elimu inayowafuata watu walipo. Katika Kenya, mwaka 2014, Bibi Susan Murabana na mumewe, Bwana Daniel Chu Owen, walianzisha kazi waliyoiita The Travelling Telescope, yaani darubini isafiriyo. Huchukua darubini na hema la mviringo linalojazwa upepo, wakaenda shule kwa shule. Hawakungoja jumba kubwa likamilike ndipo waanze kufundisha.

Twashauri shule za Baraka na Fizi zishirikiane kupata hema moja la namna hiyo, pamoja na kipepeo cha kulijaza upepo, mashine ya kutupa picha, na sahani za jua za kuvipa umeme. Programu iitwayo Stellarium hutolewa bure, nayo huonyesha anga la mahali popote na tarehe yoyote.

Na kabla hema halijafika? Walimu, chomekeni fimbo iliyonyoka katika uwanja wa shule, isimame wima. Kila juma, karibu na saa sita mchana, wanafunzi waweke alama penye ncha ya kivuli. Mwezi wa Juni kivuli huangukia kusini, kwani jua liko kaskazini. Mwezi wa Desemba huangukia kaskazini. Na karibu na tarehe 10 Machi, na tena karibu na tarehe 3 Oktoba, jua hupita juu ya vichwa vyetu hasa, na kivuli hutoweka.

Wazazi, mtoto akirudi nyumbani na kuwaeleza sababu ya kivuli kutoweka, msimnyamazishe. Mpelekeni kwa babu mvuvi, naye amweleze habari za mwezi. Wakiisha kusikilizana hao wawili, kazi ya jumba la nyota imekwisha kuanza, hata kabla ya hema.