Biashara ya miche Dar: Mali iliyo kwenye hifadhi ya barabara

MKAZI wa Tegeta au Mbagala anayemalizia nyumba yake, akitaka mche wa mwembe au ua la kupanda mbele ya kibaraza, haendi kwenye Bustani ya Mimea iliyo katikati ya jiji, jirani na Makumbusho ya Taifa. Anasimama kando ya Barabara ya Bagamoyo au ya Kilwa, anachagua kati ya viriba vyeusi vilivyopangwa chini ya kivuli cha makuti, anapatana bei na kuondoka.

Jambo hilo limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelihoji. Hata hivyo linaeleza mengi kuhusu namna Tanzania inavyoitazama biashara ya mimea: bustani inatazamwa kama mahali pa kupumzika na kupiga picha, na muuzaji wa miche anatazamwa kama mchuuzi anayesubiri kuondolewa.

Mwanzo haikuwa hivyo. Bustani ile ya mjini ilianzishwa mwaka 1893, enzi za utawala wa Wajerumani, na Profesa Franz Stuhlmann, na haikukusudiwa kuwa ya starehe. Lilikuwa shamba la majaribio ya mazao ya biashara yaliyoletwa kutoka nchi nyingine, ili kuona yapi yangestahimili joto na udongo wa pwani. Kwa lugha ya leo ni kituo cha utafiti wa kilimo kilichowekwa hatua chache kutoka bandarini. Eneo lake limemegwa kadiri mji ulivyokua, na kilichobaki ni kipande kidogo chenye mitende ya aina mbalimbali, tausi wanaotembea kati ya njia, na mnazi wa Shelisheli ambao ni nadra kuonekana nje ya visiwa vyake.

Mwaka huohuo wa 1893 yalitokea mambo mengine mawili ambayo mfanyabiashara yeyote wa mimea anapaswa kuyajua.

La kwanza ni mkonge. Dk. Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vilivyosafirishwa kutoka Florida, Marekani, kupitia Hamburg. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo 62 yalitokea mashamba ambayo, kufikia mwaka 1964, yalikuwa yanatoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka na kuifanya nchi hii kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani.

La pili lilikwenda upande wa pili. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka nyumbani kwao Ujerumani ua dogo la rangi ya zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara na maeneo ya jirani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, alilitangaza kitaalamu na kulipa jina la aliyelipeleka: Saintpaulia. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni moja ya bustani ya Los Angeles ilianza kuuza aina zilizochaguliwa kutokana na mbegu zilizotoka Ulaya. Leo ua hilo linauzwa katika vyungu vidogo kwenye maduka ya vyakula ya Ulaya na Marekani, na Wajerumani bado wanaliita kwa jina la Usambara. Tanzania inauza nje mawaridi na vipandikizi vya maua kutoka Arusha, lakini katika biashara ya ua hili lililotoka kwake haitajwi miongoni mwa wauzaji wakubwa.

Wapo wanaodhani dawa ni kudai. Hoja hiyo ni dhaifu. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai wa mwaka 1992 uliipa kila nchi mamlaka juu ya mimea yake, lakini haurudi nyuma kuigusa iliyokwishaondoka karne moja kabla. Sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mbegu za mimea ya mwaka 2012, pamoja na uanachama wa Tanzania katika umoja wa kimataifa wa UPOV tangu mwaka 2015, vinamlinda yule aliyezalisha aina mpya, si nchi ambako mmea ulikutwa porini. Kwa hiyo kilichobaki ni kuuza, na kuuza kunahitaji duka.

Mfano wa duka

Afrika Kusini inatoa mfano mzuri. Bustani ya Kirstenbosch, Cape Town, iliyoanzishwa mwaka 1913, inauza mimea ya asili ya nchi hiyo kwa wakazi na wageni. Wataalamu wake walitumia miaka mingi, kuanzia miaka ya 1970, kuzalisha aina ya njano ya ua la strelitzia, ambalo kwa kawaida huwa la rangi ya machungwa. Kazi hiyo ilikuwa ya kuchavusha kwa mkono, kusubiri miaka hadi mmea utoe ua, kisha kurudia. Mwaka 1996 aina hiyo ilipewa jina la Mandela's Gold kwa heshima ya Rais Nelson Mandela. Ua ambalo awali lilikuwa adimu likawa bidhaa yenye jina, historia na mahali panapojulikana kuwa ndipo lilipotoka.

Kwa upande wa Dar es Salaam, mahali panapokaribia wazo hilo pako Kinondoni. Katika Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, na miongoni mwake kumekuwa na vibustani vya mazao yanayoendana na maisha ya wenyewe. Mgeni anaona mgomba na mhogo, anaangalia ngoma, kisha anaondoka na kinyago au picha. Akiendelea hadi Mwenge atakuta vinyago vya mpingo kwa wingi. Mti wenyewe, ambao huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na ambao tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES, ni vigumu kuupata kama mche. Kinyago kinauzwa kila siku. Anayeuza mche wa kukirithi ni wa kutafuta.

Ni kweli kwamba mtalii si mteja wa miche. Tangu Desemba 14, 2019 Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila mmea hai unaoingia hata ndani ya begi la abiria, isipokuwa matunda machache kama nanasi, nazi na ndizi. Hakuna mtalii atakayehangaikia cheti kwa ajili ya chungu kimoja. Lakini hapo ndipo wapangaji wengi wanapokosea, kwa kudhani duka la bustani ni la wageni. Mteja wa kweli ni mwenyeji: anayejenga Goba, Mbweni, Chamazi au Kigamboni, shule inayotaka kivuli, kanisa au msikiti unaopanda uzio, hoteli inayobadilisha maua kila msimu. Mteja huyu haombi cheti cha kusafirisha, na mche wake unafika nyumbani kwa bajaji.

Mteja huyo tayari anahudumiwa, na wanaomhudumia ndio bustani halisi ya Kinondoni na Temeke.

Kazi yenyewe si rahisi kama inavyoonekana kwa anayepita ndani ya daladala. Udongo mweusi unaagizwa kwa lori, unachanganywa na samadi iliyooza na mchanga, unajazwa kwenye viriba kimoja kimoja. Kumwagilia ni mara mbili kwa siku wakati wa kiangazi. Bomba likikauka, maji yananunuliwa kwa boza au yanavutwa kisimani, na visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi inayounguza ncha za majani. Usiku anahitajika mlinzi. Mauzo nayo hufuata mvua: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mche usiouzwa haukai dukani kama sabuni. Unazidi kukua, mizizi inajikunja ndani ya kiriba, kisha inatoboa na kushika ardhi. Mnunuzi mwangalifu huinua kiriba kabla ya kulipa. Kikigoma kunyanyuka, mche huo utakatwa mizizi ukiondolewa na unaweza kufa wiki ya kwanza.

Tatizo kubwa zaidi ni lile ambalo mnunuzi hawezi kuliona hata akiinua kiriba. Mwembe wa kubebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, wakati ule wa mbegu huweza kuchukua miaka sita au zaidi na kutoa tunda lisilofanana na la mama yake. Kwa sababu hiyo wa kubebeshwa huuzwa kwa bei ya juu. Lakini mche wa dodo na wa bolibo, katika umri wa miezi sita, kwa mtu wa kawaida ni kitu kimoja. Kovu la kubebesha linaonyesha kwamba kazi ilifanyika. Halionyeshi kikonyo kilitoka kwenye mti gani. Mnunuzi atajua ukweli baada ya miaka mitatu, na akirudi kudai, anakuta pale palipokuwa na miche ni njia ya mabasi.

Hapa ndipo suala la ardhi linapogusa suala la uaminifu. Muuzaji asiye na mahali pa kudumu hawezi kutoa dhamana, hata akiwa mkweli kupindukia. Na mnunuzi anayejua hivyo hatakubali kulipa bei ya mche bora. Atapatana kana kwamba kila mche ni wa kubahatisha. Mwenye kubebesha kwa ustadi anaumia, na mwenye kuchomeka kikonyo chochote anaendelea kuuza kwa bei ileile.

Mahali pa kudumu ndipo pagumu. Sehemu kubwa ya biashara hii imejishikiza kwenye hifadhi ya barabara, ambayo Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kwa barabara kuu. Ni eneo la kila mtu hadi siku linapohitajika. Barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge hadi Tegeta ilipanuliwa katika miaka ya 2010 kwa msaada wa Japani. Ujenzi wa njia ya mabasi yaendayo haraka ya Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala ulianza mwaka 2019, na Barabara ya Bagamoyo nayo ikaingizwa katika mradi huohuo. Kila mara miche ilipaswa kupisha. Mwenye nyumba huchorewa alama ya X, ya kijani anayestahili fidia na nyekundu asiyestahili. Bustani ya miche haina hata ukuta wa kuchorewa.

Serikali imewahi kujaribu kuwatambua wafanyabiashara wadogo. Vitambulisho vya Sh20,000 vilivyozinduliwa na Rais John Magufuli Desemba 2018, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka, viliwapa kinga dhidi ya kusumbuliwa, lakini havikumpa mtu kiwanja. Oktoba 2021 wamachinga wa Dar es Salaam waliondolewa barabarani na kuelekezwa kwenye masoko. Kwa muuza nguo soko linatosha. Kwa muuza miche, kizimba cha sokoni chenye sakafu ya saruji, bila bomba na bila jua, ni sawa na kumwambia muuza samaki aende bila barafu.

Lipo tukio la karibu la kujifunzia, tena Kinondoni hapohapo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuuza picha zake nje, chini ya mti, eneo la Oysterbay, mwishoni mwa miaka ya 1960. Alifariki dunia mwaka 1972. Wafuasi wake waliendelea palepale, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye mahali pake. Tangu hapo mnunuzi wa picha anajua aende wapi na amuulize nani, na jina la Tingatinga limekuwa alama ya biashara inayojulikana duniani.

Wauza miche wanaweza kufanya hivyo ikiwa manispaa za Kinondoni na Temeke zitatenga hata ekari moja moja yenye maji, kwa mkataba wa miaka kumi, na kukodisha kwa ushirika badala ya mtu mmoja mmoja. Miaka kumi si anasa. Ndio muda wa mwembe kuzaa na muuzaji kuulizwa. Bustani ya mjini, kwa upande wake, inaweza kurudia kazi ya Stuhlmann kwa kiasi kidogo: kutunza miti mama ya dodo na bolibo yenye majina na namba, na kuwauzia wazalishaji vikonyo. Kila kiriba kingebeba kibandiko chenye namba ya mti na ya muuzaji.

Ua la Usambara nalo linaweza kuanzia hapo. Baadhi ya aina zake huota kwenye miamba ya chokaa yenye kivuli karibu na Tanga, si juu sana kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo joto la Dar es Salaam si kikwazo kisichopitika. Halihitaji kung'olewa kwenye hifadhi ya Amani. Jani moja likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu hutoa miche kadhaa, na chungu kimoja kinatosha kuanza.